Filamu fupi tano na maiki moja: usiku wa Kinondoni, kiingilio buku tano

Jumamosi iliyopita nilienda kwenye usiku wa filamu fupi pale Kinondoni. Jina la ukumbi naliacha maana nna malalamiko na sitaki yageuke ugomvi na watu ambao kwakweli wanajitahidi, ila picha yake ni hii: ghorofa ya kwanza juu ya maduka ya vipuri, ngazi nyembamba, viti vya plastiki kama sitini hivi, ukuta uliopigwa rangi nyeupe ndo skrini yenyewe na projekta imepandishwa juu ya kreti za soda. Kiingilio buku tano, filamu tano, yani kila filamu buku. Bisi bure kwa waliowahi, maji na soda wanauza bei ileile ya dukani hawajapandisha, hilo nawapongeza. Tangazo lilisema saa kumi na mbili jioni wakaanza saa moja na robo, na feni ziko mbili tu kwa ukumbi mzima, kwahiyo ukienda kaa safu ya pili au ya tatu upande wa dirishani, nyuma kule joto halikaliki.

Mada ya usiku ilikua ukweli na ukaidi kwenye nchi zinazotawaliwa kwa mabavu. Mi mambo haya nayafuatilia miaka mingi, na nilienda na swali moja kichwani, filamu ya dakika kumi au kumi na tano inaweza kweli kubeba kitu kizito hivyo?

Kabla ya filamu zenyewe nisifie kitu ambacho sijawahi kukiona sehemu nyingine wanapoonyesha muvi za namna hii. Waliweka mtafsiri. Sio maandishi chini ya skrini, mtafsiri kabisa, kaka mmoja kakaa pembeni na maiki kama kwenye vibanda umiza tulivyokulia huku Tabata, ambako muvi ya Kichina ilikua haijaisha kuonyeshwa mpaka jamaa aitafsiri na atie chumvi yake. Kwa kawaida usiku wa filamu za nje hapa mjini unakua na maandishi ya Kiingereza yanayokimbia, na ukitazama nani kajaa mle ndani unaona ni watu walewale. Safari hii kulia kwangu alikaa mama wa makamo na kanga yake, kaja na binti yake anayesoma chuo, kushoto kijana wa bajaji ambaye alileta abiria wawili, akauliza juu kuna nini, akapaki na yeye akalipa buku tano yake akapanda. Mbele yetu mzee mmoja na kofia yake ya kiua, tukaamkia shikamoo safu nzima. Huo mchanganyiko ulinifurahisha kabla hata taa hazijazimwa, na ni sababu ya maiki.

Walianza na Ruka, maana yake mkono, ya Jiří Trnka wa Chekoslovakia, ya mwaka 1965, dakika kama 18, vikaragosi vitupu na hamna hata neno moja. Kuna mfinyanzi mdogo anaishi kwenye chumba kimoja na ua lake, anachotaka ni kulifinyangia ua chungu, basi. Unaingia mkono mkubwa umevaa glavu, unamtaka afinyange sanamu ya mkono. Anakataa kwa adabu. Mkono unarudi na simu, unarudi na televisheni, unarudi na pesa, unarudi umejipamba kama mwanamke, na kila akikataa unarudi tena na ukali zaidi mpaka unamfunga kamba unamuweka kwenye tundu la dhahabu achonge huo mkono wa jiwe, na anavishwa taji na medali. Sisi tunasema serikali ina mkono mrefu, kwahiyo ukumbi mzima ulielewa kwenye dakika ya pili bila kufafanuliwa, na kile kicheko cha mwanzo, maana mwanzoni inachekesha kweli, kilikua kinapungua kila mkono unavyorudi.

Sura ya yule kikaragosi haibadiliki mwanzo mpaka mwisho. Imepakwa rangi mara moja imebaki hivyohivyo, kinachobadilika ni mwanga na jinsi kichwa kilivyoinama, na bado unaona furaha, unaona woga, unaona kuchoka. Mtu mwenye sura isiyoruhusiwa kubadilika, na sisi watazamaji tunajifunza kumsoma. Mwisho anafanikiwa kukimbia, anarudi chumbani, anapigilia milango na madirisha, na kinachomuua ni chungu cha ua lake mwenyewe kinamdondokea kutoka juu ya kabati. Halafu mkono unamzika kwa heshima zote, medali kifuani, saluti.

Mwandaaji alieleza kitu ambacho nilikua nakijua ila kikiambatana na filamu kinauma upya: Trnka alifanyia kazi studio ya serikali hiyohiyo, alikua msanii mkubwa wa kutajwa nje, akafariki mwisho wa mwaka 1969, na miezi michache tu baadae kopi za filamu zikakusanywa, zikafungiwa miaka kama ishirini. Yani walimzika vizuri kwanza.

Mtafsiri hapa alikua na kazi ngumu maana hakuna cha kutafsiri, lakini aliisimulia kidogokidogo, "huyo kaja tena", "kaleta simu sasa", na ilikubali kwasababu filamu yenyewe ina mdundo wa hadithi ya watoto. Nilimpa maksi zote. Kumbuka hili maana nitarudi kwake.

Ya pili ilikua Afrique 50 ya René Vautier, Mfaransa, na hii ndo iliyotikisa ukumbi kuliko zote. Vautier alikua kijana wa miaka 21, alishapigana upande wa wapinzani wa Wajerumani kwao Ufaransa akiwa bado mtoto wa shule, akatumwa Afrika Magharibi apige filamu ya kuonyesha wanafunzi wa Ufaransa jinsi watu wa makoloni wanavyoishi. Kulikua na amri ya mwaka 1934, inaitwa kwa jina la waziri Laval, kwamba huwezi kupiga filamu kwenye makoloni ya Mfaransa ya Afrika bila ruhusa ya watawala. Yeye akaona kinachoendelea, akapiga bila ruhusa. Polisi walikamata mikanda mingi, akaokoa sehemu, akaiunga ikawa dakika kama 17, akapewa kifungo cha mwaka mmoja, na filamu ikakaa bila kuruhusiwa kwao miaka arobaini.

Inaanza taratibu, watoto wanacheza, wanawake wanasuka, mto, na sauti inakukaribisha kijijini kama mgeni. Unajisahau kabisa. Halafu unafika kijiji cha Palaka kule Kodivaa, nyumba zimechomwa, na sauti inakwambia kwamba kijiji kilikua hakijamaliza kulipa kodi, na ndo wakaja askari, na mkuu wa kijiji akauawa. Sauti ni ya Vautier mwenyewe na inapanda hasira mpaka mwisho, anataja makampuni, anataja faida zao, hapumui. Na kaka wa maiki alipanda nae! Sijui alijiandaa vipi, ila ile tafsiri haikua ya kusoma karatasi, alikua na hasira ileile kwa Kiswahili, na pale kwenye kodi aliacha sekunde mbili za kimya halafu akasema "kodi, jamani, kodi", na yule mzee wa kofia akaitikia kwa sauti "kodi ya kichwa!" kama tuko mkutanoni. Baada ya filamu alituambia baba yake kule Rufiji alikua akilala porini msimu wa kodi ukifika. Hakusimulia zaidi ya hapo, akanyamaza akawa anafuta miwani.

Hapa niseme kidogo pembeni. Sisi Tanganyika nasi tulipigwa filamu na mkoloni, pale Vugiri mkoani Tanga kati ya 1935 na 1937 kulikua na mradi mzima wa Waingereza wa kutengeneza filamu za kumfundisha mwafrika, safura inaambukizwaje, kuweka akiba posta kuna faida gani. Sio uongo, safura ni safura. Lakini ukiziweka filamu za namna hiyo pembeni ya dakika 17 za Vautier ndo unaona tofauti ya kuambiwa mambo ya kweli na kuambiwa ukweli. Mtu anaweza kukufundisha kunawa mikono kila siku na asikwambie hata mara moja kwanini babako analala porini.

Ya tatu nitaipitia haraka, sio kwamba ni mbaya, ila wengi mshaiona, Historia de un oso ya Gabriel Osorio wa Chile, katuni ya dakika kama kumi ya 2014, iliyochukua Oscar mwaka 2016 na ndo ilikua Oscar ya kwanza ya Chile. Dubu mzee anatembea mtaani na sanduku la vikaragosi vya bati alivyovitengeneza mwenyewe, unatoa sarafu unachungulia, mle ndani kuna hadithi ya dubu aliyetekwa na watu wa sarakasi akatenganishwa na mke na mtoto. Babu yake Osorio alifungwa baada ya mapinduzi ya kijeshi ya Chile ya 1973 kisha akaishi uhamishoni, mjukuu akakua na pengo la mtu ambaye yuko hai. Ndani ya sanduku dubu anarudi nyumbani na familia inamkumbatia. Nje ya sanduku nyumba ni tupu. Filamu haisemi lolote kuhusu hilo, inakuonyesha tu kitanda. Mama wa kanga aliniuliza kwa kunong'ona, "kwahiyo hawajarudi?" nikamwambia hapana mama, akasema "basi anajidanganya maskini", halafu akakaa kidogo akasema "sio kujidanganya bwana, anawatunza." Nimekaa na hiyo sentensi wiki nzima.

Malalamiko madogo, sauti ya filamu hii ilikua chini mno, ile miziki ya kisanduku ndo roho ya filamu na ilikua inapigwa na spika moja ya kushoto.

Hapo kulikua na mapumziko, dakika kumi zikawa ishirini na tano. Mwandaaji akaongelea kwanini filamu fupi, akatoa mfano wa Mohammad Rasoulof wa Iran ambaye alikua amepigwa marufuku kufanya filamu, akapiga hadithi nne zinazohusu watu wanaoamriwa kunyonga wenzao, na akaziombea vibali kama filamu fupi nne tofauti bila jina lake maana wakaguzi hawazihangaikii fupi kama wanavyohangaikia ndefu, baadae akaziunga ikawa moja, ikashinda Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Berlin, mwaka 2020 na yeye hakuruhusiwa kutoka nchini kwenda kuchukua, binti yake ndo akaipokea. Huo mfano ulikua mzuri sana. Mi naongezea kitu, ufupi sio tu njia ya kupita getini. Filamu ndefu ya utawala wa mabavu inahitaji jemedari, inahitaji ikulu, inahitaji shujaa anayehutubia. Ya dakika kumi na tano haina nafasi ya hayo, inabidi ichukue kitu kimoja, chungu, sanduku, risiti ya kodi, na watu wa kawaida wanaokutana na utawala kwenye kitu hicho. Na hivyo ndivyo sisi wote tunavyokutana nao. Wangapi kati yetu tumewahi kumuona mtawala uso kwa uso? Tunamuona mlangoni, dirishani, kwenye fomu.

Ya nne ilikua kipande kimoja kutoka Ten Years, filamu ya Hong Kong ya 2015 yenye filamu fupi tano ndani yake, kila moja ikifikiria mji wao utakuaje baada ya miaka kumi. Walionyesha ile ya dereva wa teksi. Kwao wanaongea Kikantoni, sasa kumewekwa sheria ya dereva kufaulu mtihani wa Kimandarini, lugha rasmi ya China bara, asiyefaulu haruhusiwi kubeba abiria sehemu kama uwanja wa ndege. Hamna kipigo, hamna bunduki, kuna baba wa makamo anarudiarudia maneno na ulimi haugeuki, na mtoto wake mwenyewe anakulia kwenye lugha ambayo baba haiwezi. Yule kijana wa bajaji alikua amekaa ametulia muda wote, hapa akaanza kusogea mbele kwenye kiti. "Wanamtoa barabarani kwa mdomo," akasema. Ndo hivyo. Na kaka wa maiki alifanya kitu cha akili sana, Kikantoni akakitafsiri kwa Kiswahili chetu cha mtaani, na Kimandarini akakitafsiri kwa kile Kiswahili cha barua za ofisini, "unatakiwa kuwasilisha", "rejea kichwa cha habari hapo juu", watu wakaelewa palepale uzito wa dereva ni upi. Hakuna maandishi ya chini ya skrini yangeweza hicho kitu.

Hiyo filamu ilijaza watu kule kwao, ikaondolewa kwenye kumbi za sinema, ikapewa tuzo ya filamu bora ya Hong Kong Aprili 2016 na watu wakakusanyika kuiangalia viwanjani na kwenye kumbi za mitaa. Nilivyosikia hivyo nikaangalia vile viti vyetu vya plastiki.

Sasa ya tano. Hii ndo iliyonifanya niandike.

Inaitwa Mtu Aliyeshindwa Kunyamaza kwa Kiswahili chetu, ya Nebojša Slijepčević wa Kroatia, haifiki dakika 15, ilichukua Palme d'Or, yani tuzo kuu, ya filamu fupi kwenye tamasha la Cannes kule Ufaransa mwaka 2024. Ni kisa cha kweli. Tarehe 27 Februari 1993, vita ya Bosnia inaendelea, treni inayotoka Belgrade, Serbia, kwenda mji wa Bar kule Montenegro inasimamishwa kwenye kituo kidogo upande wa Bosnia kinaitwa Štrpci. Wanapanda wanamgambo wa Kiserbia wenye silaha, wanakagua vitambulisho, wanashusha abiria kama ishirini, karibu wote Waislamu, wanaenda kuwaua, na miili ya wengi haijapatikana mpaka leo. Ndani ya treni kulikua na abiria kama 500. Aliyesimama akapinga ni mmoja, Tomo Buzov, kapteni mstaafu wa jeshi, alikua anaenda kumtembelea mwanae aliyekua jeshini. Wakamchukua na yeye.

Ukisoma jina la filamu unategemea umfuate Buzov. Hapana. Kamera inakaa na abiria mwingine, mwanaume mzima mwenye nguvu zake, mtu mzuri tu, ambaye mwanzoni anamtuliza kijana mmoja mule kwenye behewa mwenye wasiwasi. Anamtuliza vizuri kabisa na unamuamini. Halafu mlango wa behewa unafunguliwa na yeye anakua hana neno. Anayeongea ni mzee ambaye mpaka hapo hatujamjali. Na sisi tumebaki pale na yule aliyenyamaza, tunaangalia uso wake, treni imesimama, huoni mauaji, huoni damu, unasikia tu nje huko watu wanatembea. Muongozaji kakataa kutupa nafasi ya kukaa kwenye kiti cha shujaa. Katupa kiti cha wale mia nne na kitu.

Mi nakijua hicho kiti. Miaka kadhaa nyuma, kituo cha daladala ninachoshukia, kulikua na mama anauza vitumbua asubuhi, nlikua nanunua kwake karibu kila siku, ananiita mwanangu. Siku moja wakaja watu wenye sare wakamwaga mafuta chini, wakabeba karai na jiko. Tulikua kama watu thelathini kituoni. Mi nilikua na kitumbua mkononi, cha kwake, bado cha moto. Nikaangalia simu. Sio kwamba kuna ujumbe ulikua umeingia. Sijawahi kuandika hili popote, na ndo lililokua linanipita kichwani wakati treni imesimama kwenye ule ukuta mweupe wa Kinondoni.

Na hapohapo kaka wa maiki akaharibu.

Naomba nieleweke, ni yuleyule niliyemsifia kwenye filamu nne. Lakini hapa palikua na kimya, kimya ambacho ndo filamu yenyewe, na yeye akakijaza. "Hapa jamaa anaogopa sasa." "Anawaza, niseme nisiseme." "Moyo unamdunda dudu dudu." Kila uso ulipokaa sekunde nne bila neno yeye akaweka neno. Nyuma watu wawili watatu wakacheka, maana sauti yake inachekesha akiamua, na kwenye kile kicheko yule mwanaume wa kwenye behewa akaponyoka. Sisi sote tukaponyoka nae. Filamu ilikua imetukamata shingoni ikituuliza swali, akaja mtu akatujibia. Mama wa kanga alisema "mwache kwanza baba" lakini hakusikika. Nlitamani nisimame niseme zima maiki, na sikusimama, na hilo nalo nalisema kama lilivyo.

Baada ya taa kuwashwa kukawa na mazungumzo, hapa ndo penye malalamiko yangu ya pili na ni mazito kuliko ya maiki. Yalianza vizuri, mzee wa kofia akaongea, kijana wa bajaji akauliza yule kijana wa kwenye behewa ilikuaje baadae, mwandaaji akajibu kwa utulivu. Halafu akasimama binti wa yule mama, binti wa chuo, akaanza kusema kwamba filamu ya mwisho imemkumbusha siku zile za uchaguzi, 29 Oktoba 2025, intaneti imezimwa, hapa Dar kuna amri ya kutotoka nje usiku, na yeye yuko ndani hajui kaka yake yuko wapi. Sauti ilikua inatetemeka lakini alikua anaongea taratibu, hajamtukana mtu, hajataja chama. Mwandaaji akanyoosha mkono akachukua maiki, kwa upole kabisa, akasema "tubaki kwenye filamu jamani, muda wetu umeisha." Muda haukua umeisha, ilikua saa tatu na dakika tano na tangazo lilisema mpaka saa tatu na nusu.

Namuelewa yule mwandaaji. Anajua sheria, filamu hapa nchini inataka kibali toka Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976, ana pango la kulipa, pengine ana watoto. Sio mtu mbaya na sitaki mtu amtafute. Lakini kama tangazo linasema ukweli na ukaidi, na umenitoza buku tano kunionyesha Mcheki, Mfaransa, Mchile, mtu wa Hong Kong na mtu wa Kroatia, halafu binti wa hapahapa anafungua mdomo kusema kaka yangu na wewe unachukua maiki, basi ungeniambia mlangoni kwamba tunaangalia ya wenzetu tu. Ningelipa vilevile. Ila yule binti asingesimama. Alikaa chini akashika mkono wa mama yake na mimi niliyekaa nao kiti kwa kiti nilichoweza kufanya ni kumwambia pole mdogo wangu, kaka amepatikana? Akasema ndio amepatikana, siku ya tano.

Hizo ndo sekunde chache ambazo zilitakiwa kusikika ukumbi mzima.

Kwahiyo kama unaniuliza uende au usiende, nenda. Uchaguzi wa filamu ni wa mtu anayejua anachofanya, mpangilio pia, kuanza na kikaragosi asiyeweza kubadilisha sura na kumaliza na mtu mzima ambaye sura yake ndo inamsaliti, huo sio mpangilio wa kubahatisha. Tafsiri ya moja kwa moja ni kitu ambacho kumbi nyingine zote za hapa mjini zingejifunza. Spika waongeze ya kulia, feni waongeze hata moja, na waanze muda waliotangaza maana wa Gongo la Mboto na Mbagala wanawaza usafiri wa kurudi kuanzia saa tatu. Mazungumzo wayape nusu saa ya kweli au wayafute kabisa.

Wamesema mwezi ujao wanairudia ile ya treni kwa waliochelewa, na mi nitakuepo, safu ya pili dirishani. Kaka wa maiki, kama unasoma hapa, tafsiri yako ya ile ya kodi sijawahi kusikia nyingine kama hiyo na nimewaambia watu wengi. Ila treni ikisimama Štrpci, na yule bwana akawa hana cha kusema, weka maiki chini mezani mpaka treni iondoke.